Bajeti husomwa Nairobi, hupimwa Busia na Malaba

Mwezi Juni kila mwaka, mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania huwa na desturi ya kusoma bajeti zao alasiri moja. Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi ya tarehe 13 Juni 2024, na ndivyo ilivyokuwa tena Alhamisi ya tarehe 12 Juni 2025. Katika miji mingi ya Kenya, hotuba inayosikilizwa ni moja. Katika Busia na Malaba husikilizwa mbili, kwa sababu mwenye duka, mwendeshaji bodaboda na mchuuzi wa nyanya wa huko wanaishi kati ya bei za nchi mbili, na umbali kati ya bei hizo ni wa hatua chache.

Hapo ndipo sera ya serikali kuhusu ushuru na matumizi inapokutana na mtihani usio na huruma. Mtaalamu wa Hazina ya Kitaifa anapopandisha ushuru wa bidhaa fulani, hukadiria kwamba mnunuzi ana mambo mawili ya kuchagua: alipe zaidi au anunue kidogo. Mkaazi wa Busia ana la tatu. Huvuka.

Na akitaka kuvuka, si lazima apitie langoni. Zipo njia za panya zinazopita nyuma ya nyumba, kandokando ya mito Sio na Malaba, na katikati ya mashamba ya koo zenye ndugu pande zote mbili. Wateso na Wasamia wamo Kenya na wamo Uganda. Mpaka wenyewe ni mgeni kwao: hadi mwaka 1902, jimbo la mashariki la Uganda lilienea hadi Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, kabla Waingereza hawajausogeza mstari kuelekea magharibi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama ushuru fulani umewekwa kwa busara hana haja ya kusubiri ripoti ya mwisho wa mwaka. Atazame tu bidhaa hiyo inapita wapi, langoni au gizani.

Historia ya mpaka huu imejaa ushahidi wa aina hiyo. Jalidi ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa ikapaa ulimwenguni, serikali ya Idi Amin iliendelea kumlipa mkulima wa Uganda bei duni, kwa fedha iliyokuwa ikipoteza thamani. Faida ilibaki mikononi mwa dola. Ulikuwa ushuru mkubwa ambao haukupewa jina la ushuru, na wakulima waliuelewa vizuri sana. Kahawa yao ikavushwa usiku hadi soko la Chepkube, kaskazini mwa Malaba karibu na Mlima Elgon, na mwaka 1976 na 1977 jina la soko hilo la mashambani likavuma Kenya nzima. Uganda ilikosa mapato na Kenya ikauza nje kahawa ambayo haikuilima.

Bodaboda nayo inasimuliwa kuwa ni mtoto wa mpaka huu. Ofisi za nchi mbili zilikuwa mbali kiasi cha kumchosha msafiri mwenye mzigo, na vijana wenye baiskeli wakaanza kumbeba kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Kutoka Busia jina hilo lilienea Afrika Mashariki yote, na baiskeli zikageuka pikipiki pale serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT, kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Serikali iliacha mapato kidogo, na maelfu ya vijana wakapata kazi ambayo hakuna wizara iliyoibuni. Kisha Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ikaja na ushuru wa shilingi 10,000 kwa kila pikipiki. Mkono uliotoa ndio uliorudi kuchukua, jambo ambalo msomaji atalikuta mara nyingi katika mambo haya.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni wa baiskeli za magurudumu matatu. Kwa miaka mingi mjini Busia, watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao waliougua polio utotoni, walipakia sabuni, mafuta ya kupikia na bidhaa nyinginezo katika baiskeli zao zinazoendeshwa kwa mikono, nao maafisa wa forodha wakawafumbia macho. Msamaha huo haukuandikwa katika sheria yoyote. Ulikuwa huruma iliyogeuka desturi, na wafanyabiashara wenye miguu yao miwili hawakukawia kugundua kuwa ilikuwa nafuu kumlipa mwenye baiskeli hiyo amvushie mzigo kuliko kulipa ushuru. Riziki yote ya watu hao ilikaa katika pengo kati ya bei ya Kenya na bei ya Uganda. Pengo lilipopungua, na riziki ikapungua.

Lilipungua kwa sababu ya hatua ambayo bila shaka ndiyo bora kuwahi kuchukuliwa na serikali za eneo hili katika masuala ya ushuru. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa sahihi tarehe 2 Machi 2004, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Tangu siku hiyo bidhaa zilizotengenezwa Uganda na Tanzania ziliruhusiwa kuingia Kenya bila ushuru wa forodha. Baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa zikiingia Uganda, kwa viwango vilivyopunguzwa mwaka baada ya mwaka hadi vikaisha 2010, kwa kuwa viwanda vya Kenya vilikuwa na nguvu zaidi na jirani alihitaji muda wa kujiandaa. Kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, vikawekwa viwango vitatu vya pamoja: asilimia sifuri kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na 25 kwa bidhaa zilizo tayari kutumika.

Kenya ilipoteza ushuru iliokuwa ikitoza langoni, lakini ilijihakikishia soko. Kwa miaka mingi sasa Uganda imekuwa mnunuzi mkuu wa bidhaa za Kenya, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo hupita Malaba na Busia. Ushuru unaopatikana kwa kiwanda cha Nairobi chenye soko Kampala, kupitia mishahara ya wafanyakazi wake na faida yake, hauonekani katika vitabu vya forodha vya Malaba, lakini chanzo chake ni lango hilo hilo.

Hatua nyingine zilifuata. Mwaka 2014 ulianza utaratibu wa himaya moja ya forodha, ambapo ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa kwa serikali ya Uganda kabla mzigo haujaondoka Mombasa. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Lori linaloelekea Uganda sasa husimama mara moja tu, upande wa Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja. Linalokuja Kenya husimama upande wa Kenya. Hali kadhalika, tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mtambo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa kufuli za kielektroniki, hivyo kwamba kontena lililotangazwa kuwa la Kampala likifunguliwa njiani, ofisi hupata habari. Ujanja wa kuandikisha sukari au sigara kuwa za kuuzwa nje, ili zisilipiwe ushuru, kisha kuzirudisha kwa njia za panya haujaisha. Ila umekuwa mgumu na ghali zaidi.

Katika mambo haya yote serikali haikumwongezea mtu ushuru. Ilipunguza gharama ya kufuata sheria, kwa siku zisizopotea, kwa mafuta yasiyochomwa kwenye foleni na kwa hongo isiyokuwa na nafasi ya kudaiwa. Lori lililokuwa likikesha mpakani siku kadhaa linaweza sasa kupita kwa saa chache mtandao ukiwa mzima. Thamani ya utaratibu huo ilionekana siku ulipovunjika. Mwezi Mei 2020, vipimo vya korona vilipoanza, foleni za malori Malaba na Busia zilifika makumi ya kilomita. Na Januari 2022, madereva walipogoma kwa sababu ya ada ya vipimo iliyodaiwa upande wa Uganda, petroli ilikauka katika vituo vingi vya Uganda kwa muda wa siku chache tu.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa na waliolipa gharama yake, na si haki kuwaruka. Mawakala wa forodha wa Malaba na Busia waliishi kwa kujaza fomu ambazo sasa hujazwa Mombasa. Mama wa hoteli aliyempikia dereva chai na maharagwe kwa siku tatu sasa humwona akipita. Nayo serikali ya kaunti imekwama katika kitendawili cha ajabu. Katiba ya 2010, katika ibara ya 209, imeiachia serikali ya kitaifa peke yake ushuru wa mapato, VAT, forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti zimebakiwa na kodi ya ardhi na majumba, kodi ya burudani, na ada za huduma. Kwa Busia, mojawapo ya ada zinazotegemewa ni ya maegesho ya malori. Nairobi hufaidika lori likipita upesi, Busia hufaidika likilala. Ni vigumu kubuni mpango unaowagombanisha zaidi washirika wawili wa serikali moja, na si kosa la maafisa wa kaunti kwamba hesabu zao zimekaa hivyo.

Ushuru wenyewe unaopita langoni huenda Nairobi kwanza, kisha sehemu yake hurudi kama mgao. Katiba inataka mgao wa kaunti zote usipungue asilimia 15 ya mapato, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Kwa mwaka wa fedha wa 2024/25 kaunti ziliahidiwa jumla ya shilingi bilioni 400.1. Mswada wa Fedha ulipoondolewa, Hazina ilitaka zikubali bilioni 380. Mvutano kati ya Seneti na Bunge la Kitaifa uliisha kwa bilioni 387.4, mwaka wa fedha ukiwa umekaribia nusu. Busia, kama kaunti nyingine zote, ilianza mwaka huo bila kujua fungu lake.

Hapa ndipo udhaifu unapoanza kuonekana waziwazi. Kile ambacho serikali ilikijenga kwa subira kupitia Jumuiya, imekuwa ikikibomoa kidogo kidogo kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka.

Petroli ni ushahidi tosha. Kenya hupanga bei ya juu ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, chini ya mamlaka ya EPRA. Uganda haipangi, huachia soko. Tangu 2021 serikali ya Rais Kenyatta ilifidia sehemu ya bei hiyo kwa fedha za umma, na bei za dunia zilipopaa mwaka 2022, petroli ya Kenya ikawa ya bei nafuu kuliko ya jirani. Mitungi ikavuka kwenda Uganda. Maana yake ni kwamba mlipa ushuru wa Kenya, pasipo kuulizwa, alikuwa akimfidia mwenye pikipiki wa Tororo. Septemba 2022 serikali mpya ya Rais William Ruto iliondoa fidia ya petroli, na bei jijini Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita. Julai 2023, VAT ya mafuta, iliyokuwa imeanzishwa kwa asilimia 8 mwezi Septemba 2018 baada ya zogo kubwa, ilipandishwa hadi 16. Kufikia Oktoba 2023 lita iliuzwa shilingi 217.36 Nairobi. Mwenye pikipiki wa Busia sasa alianza kutazama vituo vya upande wa pili. Katika muda wa miezi 15 mtungi ulikuwa umegeuza uelekeo.

Hakuna aliyekusudia hayo. Kuondoa fidia lilikuwa jambo la lazima, kwa sababu fidia ya mafuta humfaa zaidi mwenye gari kubwa kuliko mwenye njaa. Na wataalamu wengi hukubali kwamba VAT isiyo na misamaha mingi ni rahisi kuisimamia. Kosa lilikuwa kuyafanya mawili hayo kwa karibu hivyo, wakati shilingi ya Kenya inaporomoka, kana kwamba nchi haina jirani.

Kuporomoka huko kwenyewe kulikuwa tunda la sera ya matumizi. Katikati ya mwaka 2022 shilingi moja ya Kenya ilinunua zaidi ya shilingi 30 za Uganda katika vibanda vya kubadilishia fedha. Januari 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160 za Kenya, ilinunua chini ya 25. Mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa 2014 ulikuwa ukiiva mwezi Juni, na wawekezaji hawakuwa na hakika kama utalipwa. Mwanamke wa Busia anayenunua ndizi, mayai na maharagwe Uganda na kuyauza Kenya hakuhitaji kusoma taarifa ya Benki Kuu. Bidhaa ile ile, kwa bei ile ile ya Uganda, ilikuwa imempandia kwa zaidi ya asilimia 20. Februari 2024 serikali ilikopa upya dola bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 ili kulipa sehemu kubwa ya deni la kwanza. Hofu ikaisha, shilingi ikarudi hadi karibu 130 kwa dola. Mama huyo alipata nafuu, kwa riba ambayo wanawe wataendelea kuilipa.

Ni deni hilo linaloeleza njaa ya Hazina. Kufikia katikati ya 2024 deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 10. Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, ilikusanya shilingi trilioni 2.407 katika mwaka wa 2023/24, ongezeko la asilimia 11 hivi, na riba peke yake ikameza takriban theluthi ya kiasi hicho. Serikali inayokabiliwa na hesabu kama hiyo hutafuta popote, na njia ya mkato ni kutoza kile ambacho kila mtu hununua.

Ndivyo ulivyokuja Mswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kuongeza takriban shilingi bilioni 346. Ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, miongoni mwa mengine. Mapendekezo kadhaa yaliondolewa katikati ya Juni, lakini vijana walikuwa wameshatoka barabarani. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mjadala wa kitaifa ulihusu uwezo wa mwananchi kulipa na matumizi ya anasa ya viongozi, na ilistahili kuwa hivyo. Lakini ukitazamwa kutoka Malaba, mswada ule ulikuwa na kasoro nyingine isiyojadiliwa. Mkate na mafuta ya kupikia hubebeka katika kikapu. Kuongeza robo ya bei ya mafuta ya kupikia upande mmoja wa mto unaovukika kwa miguu ni kumwalika mwenye mtungi aanze safari.

Sheria iliyotangulia, ya mwaka 2023, ilikuwa na mkasa wake. Ilitiwa sahihi mwezi Juni, ikasimamishwa na Mahakama Kuu, ikaruhusiwa tena mwezi Julai, ikabatilishwa yote na Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024, kisha ikafufuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 29 Oktoba 2024. Mfanyabiashara aliyetaka kutii alilazimika kuuliza kila baada ya miezi michache ni sheria gani anayoitii. Kisha Desemba 2024 baadhi ya mambo ya mswada uliokataliwa yakarudi kwa mlango mwingine, katika Sheria ya Marekebisho ya Ushuru. Sheria ya Fedha ya 2025 ilikuwa ya upole zaidi, ikashughulikia usimamizi na misamaha badala ya kupandisha viwango vikuu. Huenda ni hekima. Huenda pia ni uchaguzi wa 2027.

Watu wa njia za panya hawana tatizo hilo la kubahatisha. Bei ya kuvushiwa gunia huko inajulikana, na haibadilishwi na Bunge.

Wala isidhaniwe kwamba wanaotumia njia hizo wote ni walanguzi wa ethanoli na sigara. Wengi ni wanawake wenye mizigo midogo ambayo kisheria haidaiwi chochote. Mazao ya shambani yasiyosindikwa hayatozwi VAT nchini Kenya, na yakiwa yametoka Uganda hayana ushuru wa forodha. Jumuiya imeweka hata cheti chepesi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa mpakani, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000. Kwa nini basi mtu apite gizani na kreti ya nyanya isiyodaiwa senti? Kwa sababu langoni hakai afisa wa ushuru peke yake. Yupo wa afya ya mimea, yupo wa viwango vya ubora, yupo wa afya ya umma, na kila mmoja ana karatasi yake. Mwenye lori huajiri wakala wa kumzungukia ofisi hizo. Mwenye kreti moja hana wakala, na nyanya hazisubiri. Wengine hawajaelezwa kamwe kwamba kufutwa kwa ushuru wa forodha hakukufuta VAT kwa bidhaa za dukani, hivyo hutozwa siku moja, huachwa siku nyingine, na kuamini kwamba yote ni hila ya afisa.

Sera ya ushuru inapomfikia mtu huyo kwa sura ya bughudha, viwango vilivyoandikwa Arusha au Nairobi havina maana kwake. Hapo ndipo pana ushindi wa bei rahisi ambao serikali haijautafuta kwa bidii: karani mmoja, dirisha moja, orodha ya bei iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili.

Badala yake, mara kwa mara serikali imetumia marufuku. Mwanzoni mwa 2020 maziwa ya Uganda yalinaswa nchini Kenya, na Machi 2023 uagizaji wa maziwa ya unga ukasimamishwa. Tarehe 5 Machi 2021 mahindi kutoka Uganda na Tanzania yalipigwa marufuku kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku tano baadaye yakaruhusiwa kwa masharti ya usajili na vyeti. Sumukuvu ni hatari ya kweli, imewahi kuua Wakenya, na hakuna anayeweza kuitetea. Lakini marufuku ya ghafla haipimi gunia hata moja. Huondoa mahindi langoni yanakoweza kupimwa na kuyapeleka kwenye njia yasikopimwa, na wakati huohuo huilipiza Kenya kwa jirani aliye mnunuzi wake mkuu. Kuwalinda wafugaji na wakulima wa Kenya ni shabaha halali, ila ipo njia ya kufanya hivyo katika bajeti yenyewe, kwa kupunguza gharama ya mbolea, umeme na chakula cha mifugo, ambazo ndizo zinazomfanya Mkenya ashindwe na mwenzake wa Uganda.

Mkataba wa Jumuiya, ulioanza kutumika mwaka 2000, ulitaka sera za fedha na ushuru za nchi wanachama zioanishwe. Ushuru wa forodha ulioanishwa, na hata huo umetobolewa: kiwango cha nne cha asilimia 35 kilianza Julai 2022, na kila mwaka nchi huomba ruhusa ya kukiuka kiwango fulani kwa bidhaa fulani. Ushuru wa ndani haujaguswa. VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Uganda, na ushuru wa bidhaa kama pombe, sigara na huduma za simu hupangwa na kila nchi kivyake. Itifaki ya sarafu moja, iliyotiwa sahihi Kampala tarehe 30 Novemba 2013, iliweka masharti kwamba nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Nakisi ya Kenya katika 2023/24 ilikuwa zaidi ya asilimia 5. Sarafu hiyo, iliyotarajiwa 2024, sasa imeahirishwa hadi 2031, na wabadilishaji fedha wa Busia wamehakikishiwa kazi kwa miaka kadhaa.

Limebaki suala la matumizi, na kwa Malaba suala hilo lina sura ya reli. Tangu 2013 Kenya imetoza Ada ya Ustawishaji wa Reli kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka ng'ambo: asilimia 1.5 mwanzoni, baadaye 2, 1.5 tena mwaka 2023, kisha 2 tena kuanzia Desemba 2024. Kusudi lilikuwa reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Malaba. Treni ya abiria ilianza kwenda Nairobi mwaka 2017, na Oktoba 2019 njia ikafika Suswa, nje kidogo ya Naivasha. Pale ilisimama, karibu na mahali Uganda ilipoanzia kabla ya 1902. Ada iliendelea kutozwa. Oktoba 2024 Uganda ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Uturuki ya Yapi Merkezi, wa kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, ujenzi ukazinduliwa mwezi uliofuata. Hadi mwisho wa 2025 treni ya mizigo iliyofika Malaba ilifika kwa reli nyembamba ya zama za ukoloni, na kontena zilizosalia, ambazo ndizo nyingi, ziliendelea kuja kwa barabara, moja moja nyuma ya lori.